Skrubu ya Mwisho ya Kitanda cha Matilda

Mume wangu Mashimba ametengeneza vitanda vya nusu ya Bariadi. Ukilala Somanda, ukilala Malambo, ukilala kwa mchungaji au kwa mganga, huenda mgongo wako uko juu ya mninga alioupiga randa yeye. Lakini mganga hajigangi. Kwa miezi minne tangu mwanangu Rodgers aoe, mkamwana wangu Matilda alikuwa analala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, hatua ishirini kutoka kwenye karakana ya baba mkwe wake.

Mashimba si mchoyo. Ni mtu wa mila, na afadhali angekuwa mchoyo, maana mchoyo unaweza kumwibia. Kwetu baba mkwe haingii chumba cha mkamwana wake na hagusi kitanda chake. Wanaume wengine heshima hiyo inawaishia mlangoni. Wangu aliibeba mpaka karakanani. Alisema hata kukitengeneza hicho kitanda hawezi, kwa sababu fundi lazima apime, na ukipima lazima umfikirie mlalaji, na yeye hawezi kukaa na penseli sikioni anamfikiria mkamwana wake amelala. Nikamwambia atengeneze tu cha futi tano kwa sita bila kumfikiria mtu. Akaniuliza kama nimewahi kumwona fundi anayefanya kazi bila kufikiri. Nilikuwa na jibu, ila nilikuwa nakaanga dagaa na mafuta yalikuwa yananirukia.

Kwa fundi mwingine nako hakukupitika. Ng'ambo ya barabara yuko Constantine, naye anatengeneza vitanda, na Mashimba alishasema kwamba siku mtoto wake akinunua kitanda kwa Constantine, akibebe na aendelee kutembea mpaka Lamadi, asirudi. Basi baba hawezi, jirani haruhusiwi, na Matilda kila asubuhi anakung'uta sisimizi kwenye shuka.

Tungeendelea hivyo mpaka wajukuu kama si shangazi Scola. Huyu ni dada wa baba yake Matilda, anakaa Migato, ndiye aliyemlea. Siku ya harusi, wakati wa kuagana, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Pamba ikishauzwa nitakuja kuangalia mnamlaza wapi mtoto wetu. Nikimkuta chini, narudi naye. Mtakapopata kitanda mtamfuata." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na nilimwona uso.

Rodgers yuko ofisi ya mipango, ana digrii, na mambo yake yote yako kwenye simu. Pamba ilipoanza kupimwa, alishtuka, akaagiza kitanda Dar es Salaam. Kikaja kwa basi ndani ya maboksi mawili bapa, kila moja jembamba kuliko Biblia ya kanisani. "Hiki hakijatengenezwa na mtu, mama," akaniambia. "Ni mashine. Baba hawezi kuionea wivu mashine." Nilikiri moyoni kwamba ile ada ya chuo haikupotea yote.

Maboksi yalifika Ijumaa jioni. Jioni hiyohiyo shangazi Scola akapiga simu: kesho saa kumi yuko kwetu. Matilda alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma, macho chini, kama anavyosimama siku zote akiwa na jambo zito.

"Mama," akasema, "mimi sitaki kurudi Migato."

"Hurudi," nikamwambia. Nilisema kwa uhakika wa mtu ambaye bado hajaziona skrubu.

Jumamosi asubuhi Rodgers alifungua maboksi chumbani mwao. Mbao zilikuwa za maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi, juu zimebandikwa ngozi ya rangi ya mninga, ili ukiwa mbali udhani ni mninga. Kulikuwa na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja, na mifuko mitatu midogo ya skrubu. Rodgers aliipasua yote mitatu kwa meno na kuimwaga sakafuni, pamoja. Ndefu, za kati, fupi, zote zikajichanganya. Halafu akafungua video kwenye simu ili aone inavyofanywa. Mzungu wa kwenye video alikuwa ndiyo kwanza anaondoa plastiki bando likakatika.

Mashimba alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, amekipa chumba mgongo kwa heshima, lakini masikio yote mawili yako ndani. "Mama Rodgers," akaita, "muulize ameshika skrubu gani."

Hapo ndipo nilipopata kazi. Mimi mama mkwe sina mwiko na chumba cha Matilda, kwa hiyo nikawa daraja. Naingia, naangalia, natoka, nasema. Nikamletea Mashimba skrubu moja ya kila aina kwenye kiganja. Ndefu aliikubali kwa kichwa. Ya kati aliikunjia uso. Fupi, ambayo haikuzidi ukucha wa kidole gumba, aliishika juu kwenye mwanga, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii ni ya kufungia redio," akasema. "Wamekosea kuiweka humu. Mwambie achukue za inchi mbili kwenye kopo langu."

"Karatasi inaonyesha hiyo fupi ndiyo ya vibao vya kubebea chaga za godoro," nikamwambia. Nilikuwa nimeshaiangalia hiyo karatasi. Pembeni walikuwa wamechora kila skrubu kwa ukubwa wake wenyewe: unailaza skrubu juu ya mchoro, zikilingana ndiyo hiyo. Hahitajiki fundi. Anahitajika mtu mwenye macho.

"Hiyo karatasi imewahi kulala kitandani?" Mashimba akaniuliza. "Skrubu lazima izame mara mbili ya unene wa mbao. Nimefundishwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tano na sijawahi kurudishiwa kitanda."

Nikapeleka za inchi mbili. Nilijua, na nilipeleka, na hilo najilaumu mpaka leo. Rodgers alizungusha bisibisi akitoa jasho, skrubu ikaingia vizuri, ikaendelea kuingia vizuri, ikatokeza upande wa pili wa ubavu wa kitanda ikiwa na unga mweupe nchani. Ilitoa mlio wa mtu anayetafuna kisheti.

Kule uani Mashimba aliinuka. "Amefanya nini?"

"Imetokea upande wa pili."

"Ya mninga isingetokea."

"Si mninga, Baba Rodgers."

Alianza kutembea kutoka kigodani mpaka kwenye banda la kuku na kurudi. Nimeishi naye miaka ishirini na nane na sijamwona akiteseka vile hata alipong'olewa jino. Ndani mtoto wake alikuwa anaua mbao, na yeye, fundi wa mji mzima, alikuwa amefungwa kamba na heshima yake mwenyewe. Saa tano ilikuwa imeshapita. Matilda alikuwa amejikunyata jikoni anachambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua mimi.

Ndipo alipoingia Mzee Salu. Alikuja kuulizia stuli yake, ambayo huiulizia kila Jumamosi. Mzee Salu aliwahi kukaa baraza la kata miaka mingi, na tangu alipostaafu hajaliona jambo asilitolee hukumu. Mashimba akamweleza shida. Mzee akaketi, akaomba maji, akanywa taratibu, akauliza swali ambalo sikuwahi kufikiria kwamba mtu mzima anaweza kuuliza.

"Hicho kilichoko ndani, sasa hivi, ni kitanda?"

"Ni cha mkamwana wangu," Mashimba akasema.

"Sikuuliza ni cha nani. Nimeuliza ni kitanda? Unaweza kukilalia?"

"Huwezi. Ni vipande."

"Basi ni mbao. Kuna mwiko wa kugusa mbao?"

Nikaona mwanga unaingia usoni mwa Mashimba.

Mzee Salu akaendelea, sasa yuko barazani kabisa. Mbao ni mbao, akasema, mpaka skrubu ya mwisho ikaze. Ikikaza ndipo kinapozaliwa kitanda. Kwa hiyo mkwe anaweza kufunga zote, akabakiza moja, na hiyo ya mwisho akaifunga mume mwenye mke. Na chumba je? Chumba cha kulala ni chumba chenye godoro. Toa godoro, kitabaki stoo. Kuna mwiko wa kuingia stoo?

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Tulitoa godoro. Mimi na Rodgers tulilibeba, tukaliegemeza ukutani uani juani, na mume wangu akavua viatu, akainamisha kichwa mlangoni, akaingia stoo.

Nisimnyime haki yake. Mikono ya Mashimba ikishika mbao inakuwa mizuri kuangalia. Kichwa cha kitanda kilisimama, mbavu zikaunganika, matendegu yakakaa sawa bila kuyumba, na Rodgers alishika alipoambiwa ashike. Mzee Salu alikaa mlangoni akihesabu skrubu kwa sauti, ili Mashimba asije akavuka mpaka. Lakini Mashimba alipofika kwenye vibao vya kubebea chaga, alizisukuma zile fupi pembeni kwa mguu, akachomoa kopo lake. Safari hii akachukua za inchi moja na nusu, nadhani ili kutupatanisha mimi na yeye. Upande wa kichwani alipiga moja. Sikuisikia ikitokeza. Nilisikia kitu kibaya zaidi: haikutoa sauti yoyote. Mbao ilikuwa imefumuka kwa ndani, na tundu limekuwa pana kama la panya.

Mashimba aliichomoa polepole, akaitia mfukoni, akaliruka lile tundu kana kwamba halipo.

Mimi nilitoka nikachukua ungo. Nikazizoa skrubu zote sakafuni, nikakaa chini nikazichambua kama ninavyochambua choroko, ndefu huku, za kati huku, fupi hapa karibu na goti langu, kila moja nikiilaza kwanza juu ya mchoro. Niliuweka ungo pale mkono wake unapofika. Baada ya muda mkono ukaja, ukagusa za kati, ukasita, ukachukua fupi. Iliingia ikasimama pale inapotakiwa kusimama. Akachukua nyingine. Hakunitazama, mimi pia sikumtazama, tukaenda hivyo mpaka saa saba na nusu.

"Imebaki moja," Mzee Salu akatangaza. "Mashimba, toa mkono."

Ilikuwa ile ya kichwani. Na kabla Mashimba hajatoa mkono, nikasikia pikipiki ikizimwa getini, nikatoka.

Saa kumi ya shangazi Scola ilikuwa saa nane kasoro. Aliingia na kikapu cha viazi, kanga mbili, na macho yake. Cha kwanza alichokiona ni godoro la Matilda limeegemea ukuta uani na kuku mmoja amekaa juu.

"Mwadila, mayu," akanisalimia.

"Mwadila. Karibu, shangazi."

Alinipa kikapu akapita. Matilda alitoka jikoni akapiga magoti kumwamkia, naye akamshika kichwa, akaendelea kwenda mpaka mlangoni mwa chumba. Akaona alichokiona: mume wangu, miguu peku, mikono yote miwili iko juu ya kitanda cha mkamwana wake.

"Baba Rodgers," akasema kwa upole sana. "Nakuona chumbani."

Mashimba alifungua mdomo, lakini Mzee Salu hakuweza kumwachia mtu mwingine utamu ule. Akakohoa, akaeleza hukumu yote kuanzia mwanzo: mbao, stoo, skrubu ya mwisho. Alieleza vizuri. Shangazi Scola alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili.

"Kwa hiyo hapa hakuna mwiko uliovunjwa," akasema.

"Hakuna," Mzee Salu akasema.

"Kwa sababu hiki si kitanda."

"Bado."

"Wabeja, mzee. Umenisaidia." Akageuka. "Matilda, kafunge nguo zako. Wamekiri wenyewe kwamba hawana kitanda."

Mzee Salu aliinuka pale mlangoni, akaketi tena. Amekata kesi za mashamba, za ng'ombe, za wake walioachwa, na siku hiyo alikuwa ameikata familia yangu katikati kwa hukumu yake mwenyewe.

"Shangazi, imebaki skrubu moja tu," Rodgers akasema. "Nipe dakika moja."

"Nakupa."

Rodgers akachukua skrubu fupi kwenye ungo, akaiweka kwenye tundu, akazungusha. Ikazunguka. Akaendelea, ikaendelea kuzunguka, haishiki kitu, inacheza tu mle ndani. Akaichomoa, akajaribu nyingine. Ikazunguka hiyo nayo. Dakika iliisha na shangazi hakusema imeisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Alisimama tu pale, na sote tukawa tunaangalia kiskrubu kimoja kikizunguka kwenye unga.

Matilda alikuwa nyuma yangu. Hakwenda kufunga nguo. Alikuwa ameshika kanga yangu kwa vidole viwili, kwa nyuma, kama mtoto sokoni, na nilihisi inavutika kila skrubu ilipozunguka. Nikajikuta nina hasira na kila mtu mle chumbani, na mwenyewe nikiwemo, niliyezipeleka zile za inchi mbili hali nikijua.

"Ni kitanda," Mashimba akasema.

Mzee Salu akashtuka. "Mashimba, fikiri kwanza. Ukisema ni kitanda, basi wewe ume..."

"Najua nimefanya nini." Alikuwa amesimama wima sasa, unga wa maranda mpaka kwenye nyusi. "Ni kitanda, shangazi. Kilikuwa kitanda tangu kwenye boksi. Nimeingia chumba cha mkamwana wangu nikakishika kwa mikono hii. Mtoto wenu ana pa kulala. Mwiko nimeuvunja mimi, si yeye." Nilidhani amemaliza. "Na hilo tundu nimelipasua mimi. Rodgers hana kosa. Nilichagua skrubu isiyo yake."

Mtu asiyemjua mume wangu angedhani kosa kubwa hapo ni lile la kwanza. Mimi nilijua ni lipi lililomtoka na damu. Rodgers alimwangalia baba yake kama mtu aliyesikia radi kiangazi.

Shangazi Scola hakutabasamu, lakini alikaa chini kwenye boksi tupu, na mtu anayekaa si mtu anayeondoka. "Mbuzi wa faini," akasema.

"Yupo," Mashimba akasema.

"Wa leo."

"Wa leo. Rodgers atakwenda kumshika." Kisha akainama, akaokota kopo lake. "Sasa kwa kuwa nimeshaingia na nimeshatozwa, naomba nimalize kazi. Sitaki kulipa mbuzi mzima kwa kitanda kibovu."

Shangazi alifikiri, akasema ni haki.

Akaniomba kiberiti. Alivunja njiti tatu vichwa, akazichovya kwenye gundi, akazishindilia ndani ya lile tundu mpaka likajaa, akakata masalio kwa patasi usawa wa mbao. Tukasubiri ikauke. Mzee Salu alisema anakwenda kuangalia mbuzi, kazi ambayo hakuna aliyempa. Matilda alileta chai, akampa shangazi yake, akampa mumewe, na kikombe cha baba mkwe akakiweka sakafuni mbali kidogo, akarudi kinyumenyume, kama inavyotakiwa.

Gundi ilipokauka Mashimba alishika bisibisi. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye ungo, ukafika juu ya skrubu, ukasimama hapo. Halafu akaugeuza, kiganja juu, akaniletea mimi.

"Ipi, Mama Rodgers?"

Miaka ishirini na nane. Ameniuliza chumvi iko wapi, shati liko wapi, mtoto analia nini. Hajawahi kuniuliza ipi. Niliokota fupi moja, nikailaza kwanza juu ya mchoro ili sote tuone, ingawa niliijua, kisha nikamwekea kiganjani. Hakuipandisha kwenye mwanga. Aliiweka mahali pake akazungusha, mara tatu nyepesi, mara ya nne nzito, ikakaza.

Shangazi Scola akainuka, akapanga chaga, akaketi juu ya kitanda kwa uzito wake wote, na si uzito wa kuchezea. Akasogea kulia, akasogea kushoto. Hakikulia.

"Lete godoro, mwanangu," akamwambia Matilda.

Matilda alilibeba mwenyewe, kichwani, kuku akiwa ameshafukuzwa. Hakukubali Rodgers amsaidie. Mashimba alimsikia anakuja, na alikuwa bado yuko ndani, pembeni kabisa, njia ya kutokea imezibwa na godoro. Akaigeukia kona ya ukuta, akaiwekea paji la uso, akafumba macho. Alibaki hivyo, miguu peku na bisibisi mkononi, mpaka kitanda cha mkamwana wake kilipokwisha kutandikwa na mimi nikamshika mkono nikamtoa nje.